UMOJA WA FORODHA AFRIKA MASHARIKI: Kwa nini mzigo wako bado unalipishwa mpakani

Najua nimekuwa kimya kidogo humu, mnisamehe bure, mishe za mjini zilinibana. Leo nimerudi na mada ndefu, kwa hiyo kama uko kafe na dakika zako zinahesabika, iprinti uende nayo nyumbani.

Mdau mmoja aliniuliza hivi: "Kaka, si tunaambiwa sisi na Wakenya ni Jumuiya moja? Sasa mbona mzigo wangu toka Nairobi nimelipishwa, na jirani yangu wa duka la pili anasema yeye halipi ushuru hata senti?" Swali hilohilo nimelisikia Mtaa wa Kongo, nimelisikia Narung'ombe, na hata kwenye daladala ya Gerezani. Watu wanajibu kwa hisia. Mmoja anasema ni rushwa, mwingine anasema Jumuiya ni ya wakubwa tu. Mi nikaona niandike jibu lote mahali pamoja, ili mtu akiuliza tena umtumie hapa.

Kabla hatujaingia kwenye mada niseme kwa nini hili jambo linaniuma.

KISA CHA MAMA MDOGO

Mwaka 2021, mwaka niliomaliza kidato cha nne, mama mdogo alikwenda Nairobi kununua sandali za ngozi zenye shanga, zile zinazoshonwa kwa mkono na mafundi wa kulekule. Mzigo wote ulimgharimu shilingi 2,800,000 za Bongo. Alipofika mpakani akakutana na jamaa mmoja mchangamfu, kavaa shati safi na kalamu mfukoni, akajitambulisha kuwa ni wakala. Akamwambia, "Mama, hapa ushuru ni asilimia 25, yaani laki saba. Nipe laki tano nikumalizie, usihangaike na foleni." Mama mdogo akatoa laki tano. Akapewa karatasi yenye muhuri, akashukuru, akapanda basi.

Kwenye ukaguzi wa barabarani mzigo ukashushwa. Ile karatasi haikuwa chochote wala lolote. Hakukuwa na kumbukumbu ya mzigo huo kwenye mfumo, yaani kisheria zile sandali zilikuwa za magendo. Akatakiwa alipe upya na faini juu. Hela hiyo hakuwa nayo, na ule mzigo hakuuona tena.

Pesa ya mzigo ule ndo ilikuwa ada yangu ya chuo. Sikwenda. Simlaumu, na nyumbani hatulizungumzi. Ila nilianza kusoma hii sheria ya forodha kidogokidogo, na nilichokigundua kilinitoa jasho. Nitakisema nikifika kwenye hesabu, vumilieni.

FORODHA NI NINI HASA?

Forodha ni mlango wa nchi kwa upande wa mali. Kazi zake kubwa ni tatu: kukusanya ushuru wa vitu vinavyoingia, kuzuia vitu visivyotakiwa (silaha, madawa, bidhaa bandia), na kuandika nini kimeingia na nini kimetoka.

Kwetu kazi hii inafanywa na Idara ya Forodha na Ushuru wa Bidhaa iliyo chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Kenya wana KRA, Uganda wana URA, Rwanda RRA, Burundi OBR. Kila nchi ina mamlaka yake na kila mmoja ana mfuko wake. Hilo la mifuko tutalirudia, maana ndo chanzo cha ugomvi mwingi.

Duniani forodha zote zina chama chao, Shirika la Forodha Duniani, makao makuu yako Brussels, Ubelgiji. Lilianza 1952 kwa jina jingine, na kila tarehe 26 Januari wanaadhimisha siku yao. Shirika hili ndo linasimamia namba zinazotumika kutambua bidhaa dunia nzima. Viatu viko sura ya 64, nguo ziko sura ya 61 na 62, magari sura ya 87. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, na Afrika Mashariki tunaongeza mbili zinakuwa nane. Ukitajiwa namba isiyo ya mzigo wako unaweza kulipa zaidi au ukaonekana mwongo, kwa hiyo usiichukulie poa.

TULISHAWAHI KUWA WAMOJA, TUKAACHANA

Vijana wengi wanadhani hii Jumuiya ni kitu kipya. Wapi! Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917 chini ya Mwingereza. Tanganyika ikaingizwa baadaye hatua kwa hatua, hadi kufikia 1927 ikawa ndani. Wakati huo Kariakoo yetu ilikuwa bado na kumbukumbu mbichi ya wale wapagazi wa vita kuu ya kwanza, walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, ambao jina lao ndo likageuka kuwa Kariakoo.

Baada ya uhuru nchi tatu zikaendelea kushirikiana, na mwaka 1967 wakasaini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Reli moja, posta moja, ndege moja, forodha moja. Lakini manung'uniko yalikuwepo tangu mwanzo. Kenya ilikuwa na viwanda vingi, wenzake hawana, kwa hiyo faida ilionekana kwenda upande mmoja. Mkataba wa 1967 ulijaribu kutibu hilo kwa kuruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalum bidhaa za viwandani toka kwa mwenzao mwenye nguvu.

Dawa haikutosha. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa Februari mwaka huo na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hiyo ni karibu miaka saba wadau. Waulizeni wazee wa Moshi na Arusha watawasimulia.

Mkataba mpya ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Na safari hii wakaamua waanze na forodha kabla ya mengine.

UMOJA WA FORODHA WA 2005

Tarehe 2 Machi 2004 marais Benjamin Mkapa, Mwai Kibaki na Yoweri Museveni walisaini Itifaki ya Umoja wa Forodha. Ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Itifaki hiyo ina mambo makubwa matatu, na ukiyaelewa haya umeelewa karibu kila kitu:

1. Ndani ya Jumuiya, bidhaa ILIYOTENGENEZWA ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha.
2. Bidhaa toka nje ya Jumuiya inatozwa kiwango kimoja, iwe imeshukia Mombasa au Dar.
3. Sheria ni moja. Inaitwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Ofisa wa Namanga na ofisa wa Malaba wanasoma kitabu kilekile.

Lile kovu la 1977 lilikumbukwa. Kwa hiyo bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bure tangu siku ya kwanza, lakini baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kulipa huku kwetu, kiwango kikipungua kila mwaka hadi kikafika sifuri mwaka 2010.

Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya tarehe 1 Julai 2007, lakini zilianza kutumia Umoja wa Forodha tarehe 1 Julai 2009. Angalieni hapo: kujiunga ni jambo moja, kutekeleza ni jambo jingine. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Kwa hiyo ukisikia nchi fulani imejiunga usikimbilie kupakia lori. Uliza kwanza kama forodha yao imeshaanza kutumia sheria na viwango vya pamoja.

NGAZI ZA USHURU

Kwa bidhaa za nje (China, Dubai, Uturuki, India, nk) viwango vya pamoja vilianza na ngazi tatu:

- Asilimia 0: malighafi na mitambo
- Asilimia 10: bidhaa zilizosindikwa nusu, yaani zinakwenda kumaliziwa kiwandani
- Asilimia 25: bidhaa zilizokamilika, yaani vitu vingi unavyoviona vimetundikwa Kariakoo

Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35, kwa vitu ambavyo Jumuiya inasema inaweza kuvitengeneza yenyewe: nguo, samani, bidhaa za ngozi, mafuta ya kula, baadhi ya vyuma, na kadhalika.

Halafu kuna orodha ya bidhaa nyeti zinazozidi hapo. Orodha ilipoanza, sukari ilikuwa asilimia 100, mchele 75, maziwa 60, mahindi 50, na khanga, kikoi na kitenge 50. Ndo maana vitenge toka nje havijawahi kuwa mchezo, na ndo maana njia za panya za vitenge haziishi.

Sasa hapa kuna kona moja ambayo wengi hawaijui. Kila mwaka nchi inaweza kuomba isitumie kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Mawaziri wa fedha wanakubaliana kabla ya bajeti za Juni, linatoka gazeti la Jumuiya, na viwango vipya vinaanza 1 Julai. Kwa hiyo bei uliyopigiwa mwezi wa tano inaweza kuwa imekufa mwezi wa saba. Na ndo maana ule usemi kwamba tuna ushuru mmoja ni kweli kwenye karatasi, lakini ukiingia ndani utakuta kila nchi ina vighairi vyake vingi.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mzigo toka China ambao ukijumlisha bei ya kununulia, bima na nauli ya meli hadi bandarini Dar inakuja shilingi 10,000,000. Uko kwenye ngazi ya 25.

Ushuru wa forodha: asilimia 25 ya 10,000,000 = 2,500,000
VAT: asilimia 18 ya 12,500,000 = 2,250,000
Jumla: 4,750,000

Hapo sijaweka ushuru wa bidhaa kama upo, tozo ya reli, gharama za bandari na za wakala. Oneni kwamba VAT inapigwa juu ya mzigo PAMOJA na ushuru, yaani kodi juu ya kodi. Watu wengi wanapiga asilimia 25 na asilimia 18 kwenye ile milioni kumi, wanapata 4,300,000, halafu wakifika bandarini wanaanza kulia kwamba wameibiwa.

Sasa turudi kwa mama mdogo. Sandali zilitengenezwa Kenya. Kwa sheria, ushuru wa forodha ni SIFURI. Hiyo asilimia 25 aliyotajiwa haikuwepo kabisa. Alichotakiwa kulipa ni VAT, asilimia 18 ya 2,800,000, yaani shilingi 504,000, na labda vijitozo vidogo. Yule jamaa alichukua 500,000.

Mmeona? Tofauti ni buku nne. Kwa karibu hela ileile angepata risiti halali, mzigo ungefika, na mimi ningekuwa naandika haya nikiwa na cheti changu cha uhasibu. Ndo hicho kilichonitoa jasho.

Na hapo ndo lilipo jibu la mdau wetu. Kutokulipa USHURU hakumaanishi hulipi KODI. VAT ni ya ndani ya nchi, mzigo wa Nairobi unailipa kama wa Guangzhou. Jirani yako anasema kweli kwamba halipi ushuru, ila hajakwambia habari ya VAT. Au anapita njia za panya, na hiyo siku yake inakuja.

CHETI CHA UASILI

Utathibitishaje kwamba sandali ni za Kenya na siyo za China zilizobandikwa nembo nyingine? Kwa cheti cha uasili wa bidhaa. Bidhaa inahesabika ni ya Jumuiya kama imezalishwa hapa kikamilifu (mahindi, ng'ombe, samaki wa ziwani) au kama malighafi ya nje imebadilishwa vya kutosha kwa kufuata vigezo vilivyoandikwa. Kufungua boksi na kubandika karatasi siyo kutengeneza.

Kwa wafanyabiashara wadogo kuna kitu kizuri sana: cheti rahisi cha uasili. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapata cheti palepale mpakani toka kwa maofisa wa forodha. Huhitaji wakala. Mzigo wa mama mdogo wakati ule ulikuwa kama dola 1,200. Alikuwa ndani ya kiwango na hakuna aliyemwambia.

Ila chunga kitu kimoja. Cheti kinafuta ushuru wa forodha tu. Ukibeba vyakula, mbegu, dawa au vipodozi bado kuna vibali vya afya ya mimea na mifugo, na kuna TBS. Kina mama wengi wanakwama hapo wakati ushuru wameshamaliza.

HIMAYA MOJA NA VITUO VYA PAMOJA

Zamani kontena la kwenda Kigali lilikaguliwa Dar, likakaguliwa tena Rusumo upande wetu, likakaguliwa tena upande wa Rwanda. Mwaka 2014 ukaanza utaratibu unaoitwa Himaya Moja ya Forodha. Kodi inalipwa nchi mzigo unakokwenda, mzigo ukiwa bado bandarini. Maofisa wa forodha wa nchi jirani wako hapahapa Dar, na wetu wanaweza kukaa kwao. Takwimu zilizotangazwa na Jumuiya zilisema safari ya mzigo Mombasa hadi Kampala ilishuka toka siku 18 hadi 4, na Mombasa hadi Kigali toka siku 21 hadi 6.

Kuna pia vituo vya huduma kwa pamoja mipakani. Badala ya kusimama mara mbili unasimama mara moja, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja upande unakoingia. Rusumo kilizinduliwa 2016, Mutukula 2017, Namanga tarehe 1 Desemba 2018 na marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta. Vipo pia Holili, Sirari, Horohoro na Kabanga. Tunduma nako kuna kituo cha namna hiyo na Wazambia.

Ushirikiano huu una upande wake mkali pia. Kuna mchezo wa muda mrefu: kontena linaandikwa la Burundi au Kongo, halilipi kodi ya Tanzania kwa sababu linapita tu, halafu usiku linageuka na kuishia stoo za Kariakoo. Mwenye duka aliyelipa kodi anashindwa kushindana na mali hiyo. Siku hizi lori linafungwa kifaa cha kielektroniki kinachoonyesha liko wapi, na forodha za nchi mbili zinalinganisha kilichoandikwa Dar na kilichopokelewa kule. Ikionekana tofauti, simu inapigwa.

KWA NINI MZIGO WA KARIAKOO UNALIPISHWA TENA?

Hili ndo linawauma wateja wetu wa Uganda, Burundi na Kongo. Mama toka Lubumbashi ananunua mabegi Mtaa wa Aggrey. Mabegi ni ya China, mwenye duka alishalipa ushuru na VAT bandarini. Akifika kwao analipishwa upya. Kwa nini?

Sababu ya kwanza, begi la China halina uasili wa Afrika Mashariki hata kama limekaa Kariakoo miaka mitatu.

Sababu ya pili ni ile mifuko. Ushuru uliolipwa Dar uko Hazina ya Tanzania. Nchi nyingine inasema: mali inatumika kwangu, kodi yangu iko wapi? Umoja wa forodha wa kusini mwa Afrika, ulioanza mwaka 1910 na wenye Afrika Kusini, Botswana, Namibia, Lesotho na Eswatini, wana sufuria moja. Ushuru wote unaingia humo halafu wanagawana kwa fomula. Ulaya, ushuru mwingi wa forodha unakwenda kwenye bajeti ya pamoja, na nchi iliyokusanya inabaki na asilimia 25 kama gharama ya kazi. Sisi hatuna sufuria ya pamoja. Hapo ndo umoja wetu wa forodha unapokuwa nusu, na mnunuzi wa begi moja anabeba gharama ya ubishi wa serikali.

Na anapobeba gharama hiyo tunaibeba na sisi. Mama wa Lubumbashi akiona Kariakoo ni ghali anatafuta soko lingine. Winga anakosa kamisheni, mpagazi anakosa buku mbili yake, mama lishe anabaki na wali. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka Kariakoo, wakilalamikia kodi za uingizaji, usajili wa stoo na kamatakamata, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Wengi waliona ni habari ya mjini tu, lakini mizizi yake inafika mpaka kwenye haya tunayoongea.

MITUMBA: SIKU TULIPOPIMANA UBAVU NA MAREKANI

Wana Karume na Ilala hii inawahusu. Mwaka 2016 Jumuiya iliamua kupunguza mitumba ili viwanda vya nguo vifufuke. Ushuru ukapandishwa toka senti 20 hadi senti 40 za dola kwa kilo, na Rwanda ikapandisha mpaka dola 2.50. Wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikasema itaangalia upya kama tunastahili kuuza kwao bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania wakarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo.

Mi sisemi nani alikuwa sahihi. Nusu ya nguo nilizovaa shuleni zilitoka Karume. Ninachosema ni kwamba walianza pamoja na hawakumaliza pamoja.

UGOMVI WA MAJIRANI

Mwaka 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa toka Kenya bila kibali walichomwa moto Namanga, kwa hofu ya homa ya ndege, na Wakenya wakakasirika sana. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda ikisema yana sumu kuvu. Siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti, na Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akaenda Nairobi kutengeneza mambo.

Utaona kwamba hakuna hata kesi moja hapo ya ushuru. Zote ni vibali, afya, viwango. Wataalamu wanaviita vikwazo visivyo vya kiforodha. Ushuru ukishafika sifuri, mtu akitaka kumzuia jirani yake anatafuta karatasi nyingine. Wakati mwingine sababu ni ya kweli kabisa, maana sumu kuvu inaua. Wakati mwingine ni kisingizio. Mwenye gunia hana namna ya kujua ipi ni ipi, yeye anachojua ni kwamba mahindi yanaoza juu ya lori.

ZAMBIA NA MALAWI JE?

Hawa hawamo kwenye Jumuiya yetu. Tuko nao SADC, ambako kuna eneo huru la biashara tangu 2008 na cheti chake cha uasili. Usichanganye vyeti. Cha Afrika Mashariki hakikusaidii Tunduma. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000, kwa hiyo usije ukapoteza muda kuulizia cheti cha COMESA hapa.

YA KUKUMBUKA KABLA YA KUPANDA BASI

1. Jua mzigo wako umetengenezwa wapi. Hilo ndo swali la kwanza, kabla ya bei.
2. Dai ankara yenye jina la muuzaji, idadi na bei ya kweli. Ukishusha bei ofisa anaweza kuikataa na kukadiria mwenyewe.
3. Kama ni mali ya Jumuiya na haizidi dola 2,000, ulizia cheti rahisi cha uasili. Nenda dirishani MWENYEWE.
4. Tenga asilimia 18 ya VAT hata kama ushuru ni sifuri.
5. Hela ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu. Mtu akitaka umpe mkononi, huyo ni kishoka.
6. Wakala halali ana leseni. Mwambie akuonyeshe. Akianza kununa, achana naye.
7. Mzigo ukikamatwa, au ukiona umekadiriwa vibaya, omba uamuzi kwa maandishi. Sheria inakupa siku 30 kuomba kwa Kamishna aupitie upya, na ukikataliwa kuna baraza la rufaa za kodi. Sisi hatukujua. Siku 30 zilipita tukiwa tunasubiri "mtu wa mtu" atusaidie.
8. Baada ya 1 Julai usitumie hesabu za mwaka jana.

Ni hayo kwa leo wadau. Mama mdogo yupo, anauza tena, sasa hivi ananunua hapahapa Kariakoo kwa jumla na hataki kusikia habari za mpaka. Juzi nilimwonyesha ile hesabu ya 504,000. Aliangalia muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo ni buku nne tu?" Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kupanga viatu.

Kama umeshapita Namanga, Horohoro, Sirari au Mutukula na mzigo, tupe uzoefu wako hapo chini, hasa wale waliotumia cheti rahisi: kilichukua muda gani, na walikuuliza nini? Nikipata majibu ya kutosha nitaandika sehemu ya pili, hatua kwa hatua, mpaka mmoja mmoja. Na kama kuna mahali nimekosea nirekebisheni bila matusi.

Tuko pamoja.